Mwanangu analia nikifungua daftari la Kilatini, niache?

Shikamoo Shangazi,

Naomba uisome yote tafadhali, nimeiandika na kuifuta mara tatu hii. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Ipagala hapa Dodoma, mkubwa ni wa kike ana miaka saba yuko darasa la pili, mdogo wa kiume ana mitano yuko awali. Mume wangu ni dereva wa malori, anaendesha Scania ya watu kutoka Dar kwenda Rwanda na saa nyingine Kongo, kwa hiyo nyumbani anakaa siku tatu nne halafu anapotea wiki mbili. Mimi nina steshenari ndogo barabarani, naifunga saa kumi na moja narudi kwa watoto.

Shida yangu ni Kilatini. Ndio, kile cha kanisani.

Baba yangu mzazi yupo hai, anaikaribia themanini, anakaa upande wa Bihawana na kishamba chake cha zabibu. Alipokuwa mtoto alitumikia misa enzi zile padre ameelekea altareni na misa yote ni Kilatini, baadaye akaenda seminari ndogo akakaa miaka miwili akatoka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Sisi tumekua tunamsikia. Akipalilia anaimba Salve Regina, akiamka anasema Introibo ad altare Dei halafu anajijibu mwenyewe Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Kati ya watoto sita ni mimi tu niliyekuwa namuuliza baba hiyo maana yake nini, akaniambia nitaingia altareni kwa Mungu, kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu, akawa ananifundisha kidogo kidogo mpaka nikaweza kusoma sala na kuelewa nusu. Hiyo nusu ndo mtaji wangu wote.

Sasa mwaka jana nikaanza kuangalia video za kina mama wa Marekani wanaofundisha watoto wao nyumbani, unakuta mtoto wa miaka sita amesimama anaghani mensa, mensae, mensae, mensam, bila kukosea, nikasema hivi wangu washindwe kwa nini na babu yao anakijua? Nikadaunilodi kitabu cha sarufi cha zamani, nikachukua kaunta buku dukani kwangu, tukaanza. Kila siku saa kumi na mbili jioni baada ya homuweki, dakika arobaini na tano. Mwezi wa kwanza walifurahi kweli. Tulipofika kwenye jedwali la mensa, lile la neno moja linavyobadilika mkia, mambo yakabadilika, mkubwa akikosea namrudisha mwanzo, akikosea tena namrudisha tena, mdogo anasinzia. Wiki iliyopita nimelishika tu lile kaunta buku, hata sijafungua, mtoto machozi yanamtoka, hajasema kitu, machozi tu. Kesho yake silioni, natafuta nyumba nzima, nimekuja kulikuta chini ya gunia la mkaa.

Si hilo tu. Mwalimu wake kaniita shuleni, kwenye imla mtoto ameandika calamu na cuku, akaniuliza mama huyu nyumbani mnamfundisha nini? Nikaona aibu. Halafu mama mkwe alikuja kutoka Kongwa, mdogo akamkimbilia kwa furaha akamwambia Salve, avia! Mama akauliza ndo nini hiyo, nikamweleza kwamba amekusalimia bibi yake, akanyamaza, baadaye jioni akasema wajukuu zangu Cigogo hawajui hata salamu lakini mnawafundisha lugha ya watu waliokufa. Alikuwa akae wiki, akaondoka siku ya nne.

Baba watoto naye aliporudi akasema, narudi kwangu nimechoka nakuta watu wanaongea vitu nisivyovijua, lugha yenyewe haina mtihani haina kazi haina nchi, Kiingereza chenyewe hawajakijua, safari hii nikirudi nisilikute hilo daftari.

Shangazi niache? Nimewaumiza wanangu? Au nimewaanza mapema mno? Nilitaka tu wawe na kitu cha babu yao kabla hajaondoka. Na kingine kidogo, baba anasoma Pater noster qui es in caelis, Baba yetu uliye mbinguni, anatamka "chelis", kwenye video wanatamka "kailis", yupi yuko sahihi?

Mama wa wawili, Ipagala

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma yote, tena mara mbili. Kabla ya mume na kabla ya mama mkwe tuanze na gunia la mkaa. Mtoto wa miaka saba aliyebeba kaunta buku zito akalifukia chini ya mkaa naye amekuandikia barua, na yake ni fupi kuliko yako. Liache hukohuko. Usilitoe, usilipanguse, usimuulize nani kaliweka. Leo ukimwogesha au mkiwa mnachambua mchele mwambie mama alikosea, nililifanya gumu, halirudi tena lile daftari. Basi, usiongeze "lakini". Watoto wanasamehe haraka sana ukiwaambia ukweli, mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi na nimewaomba msamaha watoto mbele ya darasa, hakuna aliyenidharau.

Sasa swali lako, uache? Hapana. Kilatini usikiache. Jedwali ndo uliache, na dakika arobaini na tano uziache leo leo.

Nieleze kwa nini, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo ulipopotea njia. Hao kina mama wa Marekani wanaghanisha watoto majedwali kwa sababu Kiingereza chao kimebaki na vitu vichache sana vya namna hiyo. Mtoto wa Kiingereza neno "good" kwake ni good kwa mtu, kwa kiti, kwa yai, kwa kimoja na kwa elfu. Akikutana na lugha ambayo sifa inabadilika kufuata jina anashangaa, ndo maana wanamuimbisha mpaka imkae kichwani. Wako hana shida hiyo! Wako wa miaka mitano anasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka, mtoto mzuri, watoto wazuri, na hakuna siku ulimkalisha chini ukamwandikia jedwali la ngeli. Alilipata wapi? Kwa masikio, jikoni, mgongoni kwako, barabarani. Huyu mtoto ameingia kwenye Kilatini akiwa tayari na nyumba yenye samani, halafu wewe ukamtoa nje ukamwambia aanze kufyatua tofali.

Angalia. Kuku mkubwa ni gallina magna. Mbwa mkubwa ni canis magnus. Yai kubwa ni ovum magnum. Mwambie hivyo mtoto wa Kiswahili, atakuelewa kabla hujamaliza, maana na kwake mkubwa, kubwa na kikubwa ni neno lilelile limevaa nguo tofauti. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha kichwa cha neno wao wanabadilisha mkia. Ninapenda, unapenda, anapenda, yule anayependa tumempachika mbele, wao amo, amas, amat, wamempachika nyuma. Na wao kama sisi hawana haja ya kusema "mimi" kila saa, kitenzi chenyewe kimeshasema. Irabu zao ni a, e, i, o, u, hizihizi zetu. Mzungu anahangaika mwezi mzima kuzitamka, mtoto wa Ipagala anazitamka toka siku ya kwanza.

Halafu kuna hili la salamu, ambalo nilitamani ningekuwepo siku ile mama mkwe amekuja. Kilatini ukimsalimia mtu mmoja unasema salve, wakiwa wengi salvete. Kuaga ni vale, wakiwa wengi valete. Sisi tunasema karibu na karibuni, kwaheri na kwaherini. Na Cigogo? Mbukwa, na wakiwa wengi mbukwenyi! Lugha tatu, mchezo mmoja. Ule ukuta ulioingia kati yako na mama mkwe ungeweza kuwa mlango. Yule mama hakukasirikia Roma, ameona mjukuu wake ana salamu ya wageni wa mbali na ya bibi yake hana, na hapo mwanangu amesema kweli, sitakutetea. Cigogo hakifundishwi shuleni, hakina kitabu dukani kwako, kisipotoka mdomoni kwa bibi hakitatoka popote, na bibi hayupo milele kama ambavyo babu hayupo milele. Unaogopa cha baba yako kupotea, naye anaogopa hichohicho kwa upande wake.

Kwa hiyo mpigie simu. Usimweleze habari za Kilatini kabisa. Mwambie mama, watoto wanataka uwafundishe salamu za Cigogo, za asubuhi, za jioni, za mtu mkubwa, watumie voisi kwenye wasapu kama njia ni mbali. Na sheria ya nyumba iwe moja, bibi anasalimiwa kwa lugha ya bibi. Salve ni ya babu wa Bihawana.

Tuje kwenye kufundisha kwenyewe. Dakika kumi, zisizidi. Na isiwe baada ya homuweki, mtoto aliyetoka shule akaandika homuweki kichwa kimejaa, iwe asubuhi mnavaa viatu au jioni mnasonga ugali. Bila daftari, bila kalamu. Anza na amri, watoto wanapenda amri zenye mwili ndani yake. Surge, simama. Sede, keti. Veni, njoo. Curre, kimbia. Tace, nyamaza. Unasema na kufanya mwenyewe siku ya kwanza, siku ya tatu wewe unasema wao wanafanya, siku ya tano mmpe mdogo awe mkuu wa jeshi awaamrishe nyie wawili na utaona anavyokua ghafla. Wakishazizoea waite wote kwa pamoja, surgite, sedete, venite, na usieleze chochote, kaa kimya usubiri. Mkubwa atasema mwenyewe, aah mama, kama simameni. Siku hiyo atakuwa amegundua sarufi bila kulia.

Jedwali nalo lipo njiani, linakuja kwa mlango wa nyuma. Msimu wa zabibu ukifika chukua sahani ya zabibu za babu, shika moja juu. Quid est? Nini hiki? Uva, zabibu. Anayetaka kula aombe, da mihi uvam, nipe zabibu. Umeona ile m? Ndo ileile mensam iliyomliza mtoto. Zabibu ikiwa imekaa yenyewe ni uva, ikiwa inaombwa au inaliwa au inaonekana na mtu inavaa m. Akisema da mihi uva mpe tu, usimkate, wewe ukipokea yako sema sawasawa, uvam, atarekebika kwa kukusikia kama alivyorekebika aliposema "viatu yangu" akiwa na miaka mitatu. Akitaka nyingi ni uvas. Sahani moja ikiisha ana vipande vitatu vya lile jedwali na tumbo limeshiba. Hali sita za jina, yaani kazi zake kwenye sentensi, umoja na wingi, jumla maumbo kumi na mbili, atakuja kuyapanga kwenye mistari akiwa darasa la nne au la tano na atakuwa anapanga vitu anavyovijua tayari.

Na hiyo mensa yenyewe! Ulipokuwa unamrudisha mwanzo mara ya tatu mlikuwa mmeegemea nini? Meza. Meza ndiyo mensa, mwanangu. Warumi walisema mensa, Wareno wakairithi wakasema mesa, wakaja nayo pwani yetu kuanzia 1498 na meli zao, tukaichukua tukaiita meza. Mvinyo nao hivyohivyo, vinum ya Kirumi, vinho ya Wareno, mvinyo wa kwetu, na babu yao anauishi shambani. Gereza ni neno la Wareno la kanisa, igreja, ambalo nalo limetoka ecclesia, jinsi lilivyofika mpaka kuwa jela ni hadithi ndefu nitaiandika siku nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia Kilatini hakituhusu mwonyeshe anapoweka sahani yake ya mlenda.

La imla ni kosa la kitaalamu na linarekebishika, usione aibu. Darasa la kwanza na la pili ndo miaka ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, mtoto anajenga uhusiano wa sauti na herufi. Kiswahili kinamwambia c haikai peke yake, inakaa na h. Kiingereza kinamwambia c ni k, saa nyingine s. Wewe ukaja na ya tatu kwa maandishi. Mkono ukachanganyikiwa, ndo cuku hiyo. Dawa yake Kilatini kibaki mdomoni tu mpaka asome na kuandika Kiswahili bila kusita, kwa uzoefu wangu ukianza kumwandikia darasa la tatu mwishoni au la nne hujachelewa kitu. Huyo wa miaka mitano usimwandikie hata neno moja. Nenda kwa mwalimu mweleze hivyo, mwambie nimesitisha maandishi naomba uniangalizie imla zake mwezi huu. Mwalimu akishirikishwa anakuwa upande wako.

Umeuliza kama umewaanza mapema. Umri hauna tatizo, mtoto wa miaka mitano anabeba lugha tatu bila kuhema, hapa Dodoma tuna watoto wanaoongea Cigogo kwa bibi, Kiswahili mtaani na Kirangi kwa mama mdogo Kondoa na hakuna anayeumwa kichwa. Mapema ilikuwa kwenye karatasi.

Sasa baba watoto. Nimesoma maneno yake mara kadhaa, na sentensi nzito naona ni ile ya kwanza, narudi kwangu nakuta watu wanaongea vitu nisivyovijua. Mtu amelala kwenye keibini wiki mbili, amepanga foleni mizani na mpakani, njia nzima anawaza watoto, anafungua geti anakuta ndani kuna utani asioujua. Hayo mengine ya mtihani na kazi yana ukweli na nitayajibu, lakini hili usiliruke. Akirudi siku ya kwanza isiwe na Kilatini kabisa. Ya pili watoto wamwonyeshe mchezo ambao yeye ndo fundi wake. Anaendesha Scania, si ndio? Scania ni jina la Kilatini la Skåne, jimbo la kusini kabisa mwa Sweden. Anayempita kule mlima Sekenke na Volvo, volvo ni Kilatini, maana yake nabingirika. Corolla ni taji dogo, corona ni taji, na kirusi kile kilipewa jina hilo kwa sababu kikitazamwa kwa hadubini kina miiba kama taji. Audi ni "sikiliza!", mwenye kampuni jina lake la ukoo kwa Kijerumani lilikuwa na maana hiyo akaligeuza Kilatini. Hata video wanayoililia kila siku, video ni naona, audio ni nasikia. Nivea mnayojipaka ni nyeupe kama theluji. Wakae na baba yao pale barabara kuu ya kwenda Singida nusu saa wahesabu, atakayeona neno la Kilatini kwanza anapata pointi. Baba ndo anayajua magari kuliko mtu yeyote humo ndani, atakuwa mwalimu wao. Na uwaache, usiende.

Kuhusu mtihani mume wako yuko sahihi na umwambie hivyo kwa mdomo wako. Upimaji wa darasa la nne hauna swali la Kilatini, la saba pia. Usimwahidi kwamba watakuwa na akili kuliko wenzao kwa sababu ya Kilatini, mimi sikuahidi hilo na mtu akikuahidi muulize amelipima vipi. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba maneno mengi mno ya Kiingereza, hasa yale marefu ya sekondari, yametoka Kilatini moja kwa moja au kupitia Kifaransa, kwa hiyo anayejua aqua ni maji, manus ni mkono na liber ni kitabu atakapokutana na ndugu zao kidato cha kwanza atawatambua kwa sura. Na majina ya sayansi ndo usiseme. Mbuyu ni Adansonia digitata, digitata maana yake wenye vidole, kwa sababu majani yake yametanuka kama kiganja. Mtama ni Sorghum bicolor, bicolor ni wa rangi mbili. Mwalimu wa baiolojia atawaambia wakariri, wako ataona kidole.

Na hilo la kwamba lugha haina kazi. Tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto XVI alisoma tangazo kwa Kilatini mbele ya makardinali, wanahabari walikuwa wanafuatilia kwa televisheni, na mmoja wao, mama anaitwa Giovanna Chirri wa shirika la habari la ANSA la Italia, alikielewa Kilatini kile palepale. Papa alikuwa anajiuzulu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karne nyingi. Yeye ndiye aliyeitangazia dunia kabla ya wengine kwa sababu tu alikisoma shuleni. Sisemi wako wawe wanahabari wa Vatikano. Mume wako anapenda habari kama hizi, msimulie mkiwa mnakula.

Nimebakiza babu. Mwanangu, mbona kwenye barua yako yote babu hafundishi? Unamtaja vizuri mno mpaka nimesikia anavyoimba shambani, halafu walimu wa watoto ni wewe, kitabu cha intaneti na wageni wa kwenye video. Anayekijua yupo Bihawana anapalilia! Yeye alikipataje? Kwa kutumikia misa, mtoto wa miaka minane tisa anajibu Ad Deum qui laetificat juventutem meam kwa sauti kabla hajajua maana ya neno hata moja, kwa kusikia, kwa kupiga magoti, kwa kengele, kwa kuimba. Maana ilikuja baadaye. Kile kizazi ni cha mwisho, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulikaa kuanzia 1962 mpaka 1965 na misa ikahamia Kiswahili, jambo jema sana kwa watu kuelewa wanachosali, ila waliozijibu sala zile wakiwa watoto sasa ni wazee kama baba yako na kila mwaka wanapungua.

Hapo ndo jibu la "chelis" na "kailis" lilipo. Wote wako sahihi. Wa kwenye video wanajaribu kutamka kama Warumi wa enzi za Kaisari, ambao c yao ilikuwa k siku zote na v ilikuwa w. Baba yako anatamka cha Kanisa, c ikikutana na e au i inakuwa ch, na ae inakuwa e. Chagua kimoja ushike, mtoto mdogo usimpe viwili. Ningekuwa wewe ningechukua cha babu bila kufikiri mara mbili, ndicho mtoto atakachokisikia kwa mtu wake wa karibu akiimba.

Jumapili hii baada ya misa chukua watoto mpande gari la Bihawana. Usibebe kitabu. Ukifika mwambie baba hapohapo mlangoni kwamba hakuna kurudia mwanzo na hakuna kukemea, mwalimu mstaafu ukimwambia moja kwa moja ataelewa. Amfundishe mkubwa Salve Regina mstari wa kwanza tu, wakiwa wanatembea kwenye mizabibu, mdogo ashike ndoo. Wewe kaa jikoni na mama, pika, usiwasogelee. Simu yako iwe na chaji, mrekodi mzee akiimba mwenyewe mpaka mwisho.